Kimya cha Kona ya Zefania

Mzee Mbonea Senkondo aliufuta uso wa Mkwe kwa kitambaa cha pamba kabla ya kugusa kioo cha mbele cha gari lake. Ndivyo alivyofanya kila asubuhi, na asubuhi ile hakuona sababu ya kubadili utaratibu eti kwa kuwa mkaguzi amesimama kando akimtazama. Mkwe kilikuwa kisanduku cheusi kisichozidi ukubwa wa kopo la kahawa, kimefungwa nyuma ya usukani, jicho lake likimwelekea dereva. Idara ya Leseni za Mkono ilikipa jina refu ambalo hakuna aliyelikumbuka. Madereva ndio waliokiita Mkwe, maana mbele yake hakuna anayejinyoosha, hakuna anayepiga miayo, na hata pua mtu haikuni ovyo.

Nakundwa Mchome, mkaguzi mwenyewe, aliegemea mlango akipumzisha miguu. Sheria ilimkataza kupanda gari la anayekaguliwa kabla ya safari ya ushuhuda, kwa hiyo alikuwa ameukwea mlima kwa miguu na msafara wa punda wa tangawizi, siku mbili nzima, akilala kwa watu njiani. Alikuwa na miaka arobaini na minne na kazi yake ilikuwa ya mezani. Visigino vilimuwaka moto.

Alizaliwa hapahapa Msindoni, kijiji cha mwisho juu kabisa ya barabara, akaondoka akiwa mtoto kwenda kusoma bondeni. Ndiyo maana jalada la Mbonea lilipopita mezani kwa wenzake aliliomba. Wenzake waliona alama tatu katika miezi miwili, zote mahali pamoja: dereva hupunguza mwendo bila sababu, huondoa mkono wa kulia kwenye usukani, huchelewa kuitikia, Mkwe hushika breki. Alama tatu ndani ya mwaka zinatosha kumpokonya mzee leseni. Nakundwa alipotazama ramani na kuona ni mahali gani, alicheka peke yake, kisha akasikia haya kwa kucheka.

Ilikuwa kona ya Zefania. Zamani, barabara hii ilipokuwa na mabasi, dereva mmoja aitwaye Zefania Mbwambo alikatikiwa breki akiteremka na watu ishirini na wawili. Alilibana basi kwenye mwamba kwa upande wake mwenyewe, wa kulia, akalisaga humo hadi likasimama ukingoni. Abiria wote ishirini na wawili walishuka. Yeye walimtoa kesho yake. Mmoja wa wale abiria alikuwa mama yake Nakundwa. Tangu hapo, kila dereva afikapo pale hupunguza mwendo, huweka mkono wa kulia kifuani, na kumwambia Zefania kwamba anapita. Abiria hunyamaza kimya mpaka mwamba uishe. Hata waendao kwa miguu hunyamaza. Nakundwa alilijua hilo kabla hajajua kusoma.

Kwa hiyo alikuja na neno lake mfukoni. Hukumu ya mkaguzi ni neno moja tu, hutamkwa ndani ya gari, injini ikiwaka, dereva akiwa kitini, kabla jua halijazama. Ama husema “Futa”, ama “Thibitisha”. Asiposema lolote, jalada huenda kwa kamati, na kamati haijawahi kumsamehe mtu. Nakundwa alidhamiria kusema “Futa” na kurudi kwenye meza yake akiwa na moyo mweupe.

Mbonea alimuuliza kama angependa kukaa nyuma, ambako kiti kilikuwa laini zaidi.

“Sheria inasema mbele, baba.”

“Basi mbele, mwanangu. Sheria nayo ikae inapotaka.”

Alikuwa na miaka sabini na sita, mrefu, shati lake limepigwa pasi hadi mikunjo imesimama. Leseni mpya ya kuendesha kwa mkono ilikuwa haijatolewa nchini kwa miaka ishirini na moja. Bondeni magari yalijiendesha yenyewe na vijana hawakuona haja ya kujifunza. Milimani magari hayo hayakupanda. Barabara ya Msindoni ilihama kila masika, ukingo ukibomoka hapa na jiwe likiangukia pale, na gari lisilo dereva likikuta njia si ile ya jana husimama likingoja maelekezo. Kampuni zilijaribu mara mbili, zikakunja virago. Pikipiki zilishapigwa marufuku huko. Nchi nzima ilibaki na madereva arobaini na wanne wenye leseni za mkono, wote wamekula chumvi nyingi, kila mmoja na Mkwe wake. Upande huu wa mlima Mbonea alikuwa peke yake.

Na kila Jumatatu na Alhamisi aliwateremsha wagonjwa watatu wa figo kwenda kusafishwa damu hospitali ya bondeni, kisha akawapandisha jioni. Bila safari hizo hakuna ambaye angemaliza mwezi. Hilo halikuandikwa mahali popote kwenye jalada, kwa sababu jalada lilikuwa la dereva.

*

Wagonjwa walikuja na ukungu. Wa kwanza alikuwa Mwalimu Naetwe, mjane wa miaka sitini na kitu, mwembamba, sauti yake bado ya darasani. Alifuatwa na Kiondo, mwashi aliyekuwa na mwili mkubwa kabla ugonjwa haujaula, na Bi Nampombe, bibi wa miaka themanini na moja aliyebebwa na kuwekwa kitini na Kiondo. Nakundwa aliwaamkia mmojammoja. Mwalimu Naetwe alikaa katikati ya kiti cha nyuma, akajisogeza mbele mpaka uso wake ukawa baina ya mabega ya Mbonea na Nakundwa. Alisema tumbo humchafuka akikaa dirishani.

Walipoanza kuteremka ukungu ulikuwa mzito kiasi kwamba Nakundwa aliona mita kumi za barabara, halafu weupe mtupu. Alitoa kibao chake cha maandishi akaanza kazi. Mkwe, kama sheria ilivyotaka, kilipima macho ya dereva, mikono na miguu yake, na mawimbi yake yalipenya ukungu kuangalia mbele ya gari. Kikiona hatari na dereva haitikii kwa muda wa nusu pumzi, kinashika breki chenyewe na kuandika alama ya dereva, bila kutaja kilichokuwa mbele. Ndicho kilichochukua nafasi ya daktari wa macho na herufi zake ukutani. Kitu kimoja tu Mkwe hakikuruhusiwa, nacho ni kusikia. Bunge lilikataa katakata mashine isikilize maneno ya watu garini, na sikio lake lilifunguka pale tu mkaguzi anapobonyeza kitufe ili atoe hukumu.

Hawajafika mbali Mwalimu Naetwe akaanza kuimba.

Ulikuwa wimbo wa kubariki nyumba. Mwalimu alitaja boma walilolipita, la kwa Mshana, la kwa Mrutu, la kwa mama fulani mwenye migomba, na wenzake wakaitikia kwamba wakae salama. Ubeti wa boma moja ulikuwa mfupi, wa jingine ulivutwa mrefu kama uji. Nakundwa hakuukumbuka wimbo huo tangu utoto wake. Aliuliza, akaambiwa umeanza mwaka juzi, kwa ajili ya kushukuru Mungu kwa safari. Alipendezwa nao mpaka akajikuta anaitikia. Akaandika kwamba mikono ya dereva ni tulivu, kwamba anakunja kona kwa wakati, kwamba hakukosea hata mara moja. Kila ubeti ulipoisha, usukani ulizunguka.

Kisha mwamba mweusi ukajitokeza upande wa kulia, na wimbo ukakatika.

Nakundwa alisikia mwili wake mwenyewe unanyamaza. Mbonea alipunguza mwendo mpaka gari likawa linatambaa. Aliuondoa mkono wa kulia, akauweka kifuani.

“Zefania,” alisema kwa sauti ya chini, “tunapita.”

Breki zikashika ghafla na mkanda ukambana Nakundwa kifua. Juu ya kisanduku taa ndogo nyekundu iliwaka. Hapo mbele, hatua mbili kutoka kwenye bampa, alisimama mtu.

Alikuwa mwanamume mzima, gunia la tangawizi begani, mgongo umegandamizwa kwenye mwamba kwa kukosa pa kukimbilia. Aliinua kiganja cha mkono. Kinywa chake kilikuwa wazi lakini hakikutoa sauti, kwa sababu pale hapazungumzwi. Nakundwa alimwona kope, alimwona kifungo cha shati kilichokatika. Alimgeukia Mbonea.

Mzee alikuwa akimtazama mtu yule usoni, moja kwa moja, na hakumwona. Aligeuka taratibu kwa Nakundwa, akatabasamu kwa uvumilivu, akaashiria Mkwe kwa kidevu, kama kusema: unaona sasa kinavyonionea? Mkono wake ulikuwa bado kifuani.

Mtu wa tangawizi alijivuta ubavuubavu kando ya gari. Gunia lilikwaruza mlango kuanzia mbele hadi nyuma. Nakundwa alitazama kwenye kioo akawaona wale watatu. Mwalimu Naetwe alikuwa amefumba macho. Kiondo alimfuata yule mtu kwa macho mpaka alipopita. Wote walikuwa wamemwona, na hakuna aliyefungua mdomo. Naye Nakundwa, mkaguzi, mwenye kibao mkononi, hakuwa amefungua wake.

Mwamba ulipoisha Mbonea alishusha pumzi.

“Umeona mwenyewe, mwanangu. Namsalimia marehemu, nacho kinaandika nimezubaa.” Alibadili gia. “Na ile miti ya pale yafaa ikatwe. Imeanza kuingia barabarani, umesikia ilivyotukwaruza?”

Nakundwa alisema amesikia. Nyuma, Mwalimu aliuanza wimbo tena. Boma la kwa Sefue lilikuwa limefunikwa lote na ukungu, hata paa halikuonekana, ila Mwalimu alilitaja na kulivuta, na lilipokwisha Mbonea akakunja kushoto. Ndipo Nakundwa alipoelewa wimbo ule ni kitu gani. Hakuitikia tena. Alitazama ile sentensi yake kuhusu mikono tulivu, akakigeuza kibao kifudifudi.

*

Wodi ya kusafishia damu ilikuwa safi na baridi. Mwalimu Naetwe alilala na mirija mkononi, damu yake ikitoka na kurudi. Nakundwa alivuta kigoda akakaa karibu. Alimuuliza ni tangu lini.

Mwalimu hakujifanya hajaelewa. Alisema macho ya Mbonea yalianza kufa katikati miaka miwili iliyopita. Pembeni anaona, aweza kukuambia ndege amepita, ila kitu kikiwa mbele yake hasa kinamezwa na giza. Hakumwambia mtu. Wao walijua siku alipompita Kiondo barabarani, akiwa kwa miguu, bila kumwitikia, naye Kiondo amesimama katikati ya njia. Basi Mwalimu alitunga wimbo. Nyimbo ndizo zilizokuwa kazi yake kwa miaka thelathini na tano, watoto wa Msindoni wote walijifunza kuhesabu kwa kuimba. Alipima kila ubeti kwa miguu, akitembea barabara nzima, siku nne.

“Yeye aliwaomba?”

“Hakutuomba na hatukumwambia. Siku ya kwanza alisikiliza mpaka kona ya tatu. Kona ya nne akawa anaufuata. Tumeishi hivyo.”

Nakundwa aliuliza kuhusu kona ya Zefania, ingawa jibu alishalijua. Mwalimu alitazama dari.

“Kona zote tulizishika sisi. Ile moja tulimwachia Mkwe. Ungetaka tufanyeje? Tuimbe mbele ya Zefania?”

Alama zote tatu, na ya nne ya leo, ziliandikwa mahali pekee ambapo mzee alikuwa peke yake na macho yake. Nakundwa alikuwa amekuja kumtetea kwa desturi, na kumbe desturi ndiyo iliyokuwa ikisema kweli. Alijisikia mpumbavu, kisha akajisikia vibaya zaidi ya hapo, maana bado alikuwa na lile neno mfukoni na bado lingefanya kazi. Hakuna ambaye angemuuliza. Mzaliwa wa pale ameshuhudia desturi ya pale, afute, basi.

Mwalimu alimshika mkono kwa ule wake usio na mirija. Alimweleza kwa upole, hatua kwa hatua, kama mtu anayefundisha kugawanya. Wao watatu wamekubali. Siku wakianguka, wataanguka wakijua. Mbonea akizuiwa, yeye Mwalimu atafia kitandani kwake kwa sumu ya damu yake, na Kiondo ataacha watoto wanne, na hilo pia wanalijua. Sheria inawalinda na kitu gani?

“Yule wa tangawizi hakukubali, Mwalimu.”

Mwalimu Naetwe aliuachia mkono wake. Mashine iliendelea na sauti yake.

“Ni Sekiete,” alisema. “Nilimfundisha darasa la tatu.”

Kulikuwa na jingine, na Nakundwa aliona ni wajibu kumwambia. Neno la mkaguzi haliishii kwenye gari moja. Mkwe vyote hujifunza kutokana nalo. Akisema “Futa”, kufikia kesho visanduku vyote arobaini na vinne vitakuwa vimefundishwa kwamba dereva mzee anayepunguza mwendo na kuweka mkono kifuani hakuzubaa, anatoa heshima, na breki isishikwe. Uluguru kuna kona kama ile. Ukinga zipo tatu. Madereva wa huko nao huwasalimia wenzao waliokufa. Hata hapa kwao, Alhamisi ijayo, Sekiete akisimama tena chini ya ule mwamba na gunia lake, Mkwe kitamtazama na kumwacha.

“Yaani hata ile moja tuliyomwachia,” Mwalimu alisema.

“Hata hiyo.”

Mwalimu aliuliza atalisema neno lake wapi. Nakundwa alijibu kwamba alifikiria kulisema Msindoni, jioni, wakifika, ili mzee azime gari mbele ya nyumba yake na asiaibike ugenini. Ameona hiyo ndiyo heshima iliyobaki. Mwalimu aliitikia kwa kichwa, akafumba macho, akasema anataka kupumzika.

*

Mbonea alikuwa amekaa garini uwanjani mwa hospitali, mlango wazi, anakula muhogo wa kuchemsha. Saa kumi ilikuwa imepita. Nakundwa aliingia akakaa mahali pake, akafunga mlango. Hakujua pa kuanzia, akaanzia palepale.

“Baba, pale kwa Zefania leo ulimwona nani?”

“Zefania peke yake.”

“Kulikuwa na mtu mbele ya gari. Hatua mbili. Mlikuwa mnatazamana.”

Mbonea aliacha kutafuna. Alikiweka kipande cha muhogo juu ya karatasi yake na kuikunja karatasi vizuri, pembe kwa pembe. Ilimchukua muda.

“Ile miti,” alisema.

“Haikuwa miti.”

Aliuliza mtu mwenyewe ni nani, akaambiwa Sekiete. Alisema alimpeleka mama yake Sekiete kujifungua, mvua ya mwaka ule inanyesha kama iliyolaaniwa, na mtoto alizaliwa garini, chini kidogo ya ule mwamba. Alisema hivyo kisha akaushika usukani kwa mikono miwili. Nakundwa alitamani kumshika na hakuthubutu.

“Wimbo nilijua,” Mbonea alisema. “Nilijua ni wa nini. Nilijiambia kila mtu hapa duniani anasaidiwa na mwenzake, na mimi nasaidiwa hivyo. Zile alama nikajiambia ni Mkwe hakijui adabu zetu. Nimeliamini hilo kwa moyo wangu wote, mwanangu, sikukudanganya.”

“Najua, baba.”

“Ungesema neno gani?”

“Nilikuja kufuta.”

Mzee aliitikia kwa kichwa mara kadhaa. Hakuomba chochote. Alikaa akitazama mbele, au akitazama pale ambapo mbele ilipaswa kuwa, na Nakundwa akawa na uchungu ambao hakuwahi kuupata katika miaka kumi na sita ya kazi hii. Kama angemlilia au kumtukana ingekuwa nafuu.

Wagonjwa walitoka wakitembea polepole. Kiondo aliwasaidia wanawake kupanda, akapanda mwenyewe, na Mbonea, kwa mazoea tu, akawasha injini. Mwalimu Naetwe hakusogea mbele kukaa katikati. Alibaki karibu na mlango, mkoba wake mapajani.

“Nakundwa,” alisema, na ndiyo mara ya kwanza kumwita kwa jina. “Neno lako liseme hapahapa.”

Nakundwa aligeuka.

“Ukilisema kule juu, nimefika nyumbani na sina wa kuniteremsha. Ukilisema hapa, sina wa kunipandisha. Nimezungumza na wenzangu humo ndani. Mimi na Kiondo tunataka kubaki upande wenye mashine.”

Kiondo alikuwa akitazama viganja vyake. Alisema kwamba mkewe na watoto watashuka na punda, nyumba aliyoijenga kwa mikono yake itajua yenyewe. Bi Nampombe, ambaye tangu asubuhi hakuwa ametoa neno ila kuitikia wimbo, alisema yeye atapanda. Punda wanaondoka kesho alfajiri, alishaulizia, wamkalishe kwenye kapu la shogi upande mmoja na tangawizi upande wa pili. Anajua mlimani atafika na anajua baada ya hapo ni siku ngapi. Mume wake amelala kule na yeye hana ugomvi na mtu.

“Nitakusindikiza, bibi,” Mbonea alisema bila kugeuka. “Na mimi napanda kwa miguu sasa.”

Bi Nampombe alimjibu kwamba basi aangalie isije ikawa yeye bibi ndiye anayemwongoza njia, na kwa kitambo kidogo sana wote wanne wakacheka. Nakundwa hakuweza kucheka nao. Jua lilikuwa limekaribia ukingo wa paa la hospitali. Alifikiria kutosema neno, kuiachia kamati, na akaona huo ungekuwa uoga tu uliovalishwa koti la utaratibu, tena jioni hii wangepanda na mzee kwenye ukungu kama kawaida.

Alibonyeza kitufe. Sikio la Mkwe lilifunguka kwa mlio mdogo. Mbonea alikaa wima, akanyoosha ukosi wa shati lake.

“Thibitisha,” alisema Nakundwa.

Sauti ilimtoka nyembamba na akaogopa kwamba atatakiwa arudie. Hakutakiwa. Injini ilizimika. Kitu kilibana ndani ya usukani, ukajifunga. Mbonea aliujaribu kidogo kulia, kidogo kushoto, kama mtu anayehakikisha mlango umefungika, kisha akauachia. Aliteremka, akazunguka, akawafungulia abiria wake mlango mmoja baada ya mwingine, na kila aliyeshuka alimpa mkono. Nakundwa alisubiri ndani mpaka akaona aibu kubaki mle peke yake.

Mwalimu Naetwe alikuwa amesimama chini ya ukuta wa hospitali na simu sikioni. Alikuwa akizungumza na jirani yake wa Msindoni. Alimwomba awafungue mbuzi, awanyweshe maji, na maharage aliyoyaloweka asubuhi ayachukue akapike, yasije yakaota. Mlango uko wazi, hakuufunga. Alisema hayo kwa sauti yake ileile ya darasani, bila kutetereka. Kisha jirani akauliza jambo.

Mwalimu aliishusha simu, akamtazama Nakundwa kwa muda mrefu. Hapakuwa na chuki usoni mwake, na Nakundwa angetamani iwepo.

“Anauliza nitarudi lini,” Mwalimu alisema. “Mweleze wewe.”

Alimnyooshea simu. Nakundwa aliipokea kwa mikono miwili. Alimsikia mama wa upande wa pili akiita jina la Mwalimu, mara ya kwanza, mara ya pili, na nyuma yake mbuzi wakilia. Alimwamkia. Alijitambulisha kwa jina lake na jina la mama yake. Kisha akamwambia kwamba Mwalimu hatarudi.